Mzabibu wa Kaburini

Fukochuma lilizama ardhini, likanusa mizizi ya mzabibu, likaidunga tone la mbolea ya fosfati, likasonga mbele. Lilikuwa tone la mwisho. Migodi ya ng'ambo ilikuwa imekauka, na katika bonde zima la Hombolo majani ya mizabibu yalikuwa yamegeuka zambarau kwa njaa.

Ndahani Chilewa, mhandisi aliyeunda mashine hiyo, alikaa kwenye tuta kando ya mama yake, Mama Yaledi.

"Udongo wenyewe una fosfati tele, mama, ila mizizi haiifikii. Zamani iliichukua kwa kuvu wa mizizi. Nyuzi zao, nyembamba kuliko unywele, zilipenya mbali zikaleta madini, na mzabibu ukawalisha sukari."

"Wamekwenda wapi?"

"Fukochuma lilipoushibisha mzabibu, uliacha kuwalisha. Waliosalia niliwaunguza kwa mvuke, nikisafisha udongo."

"Nasi tukakupigia vigelegele," alisema Mama Yaledi. "Mimi ndiye niliyepiga kwa sauti kuliko wote."

Ndahani akawasha kionanyuzi, kioo kinachoonyesha kuvu hai kama mwanga. Bonde lote lilikuwa jeusi. Mahali pamoja tu paling'aa, mfano wa makaa yaliyopulizwa: kaburi la baba yake, lenye mzabibu kichwani. Mama alikuwa amelifukuza fukochuma pale kwa fimbo. "Mume wangu alikimbia sindano maisha yake yote," alifoka siku ile, "leo mje kumdunga kaburini?" Watu wakacheka. Kila asubuhi aliumwagilia mzabibu ule kata ya maji, akiuamkia kwa jina la marehemu.

Mama alikigusa kioo kwa kidole, pale palipong'aa.

"Utachota udongo kidogo tu, ukawapande kwingine?"

"Hautoshi. Kuvu wamo ndani ya mizizi. Lazima ing'olewe, mama. Yote."

Mama akavua kanga ya begani, akajifunga kiunoni.

"Lete jembe. Hilo dude lako lisimguse."

Akachimba mwenyewe. Ndahani alipomwomba jembe, alimsukuma kwa kiwiko. Majirani wakaja na mabakuli, na kila mmoja akapewa konzi ya udongo na vipande vya mizizi, akazike chini ya mizabibu yake. Hakuna aliyecheka.

Kulipokucha, Mama Yaledi alitoka na kata yake ya maji, akafika kaburini, akasimama juu ya shimo. Akageuka, akayatazama mashamba ya zambarau yaliyoenea hadi milimani.

"Ndahani," aliita, "sasa nimwamkie wapi?"