Gari Jeupe Kabla ya Lango

Kila asubuhi Boon Huat alipakia mzigo kwenye gari lake dogo jeupe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vya karatasi vya kuchomewa wafu: nyumba, viatu, simu, watumishi wenye mashavu mekundu. Mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi wa wafu, ulikuwa umeingia. Wafu walikuwa wamerudi kutembea, na maduka ya katikati ya mji wa Singapore yalitaka mzigo kila siku.

Mkewe, Siew Lan, alikaa kando yake. Alimpakata mtumishi mmoja wa karatasi aliyekosa nafasi nyuma.

"Huyu ananikodolea macho," alisema.

"Mwambie umeolewa."

Ili kuingia mjini walipita chini ya lango la chuma lililovuka barabara kuu. Gari likipita, kidude kilicho mbele ya dereva kinalia na tozo inakatwa. Saa za msongamano tozo huwa juu, baadaye hushuka. Kwa hiyo Boon Huat alisimama pembeni, karibu na lango, akatazama saa. Walikuwapo madereva wengine waliofanya vivyo hivyo.

"Kwa nini niwape ya juu, na ya chini inakuja?" alimwambia mkewe.

Siku moja mvua nzito ilitoka upande wa kisiwa cha Sumatra. Asubuhi ikawa na giza la jioni. Boon Huat alisimama mahali pake pa siku zote. Mbele yake magari yalikuwa yamepanga mstari, taa zimezimwa. Ndani ya kila gari kulikuwa na uso mmoja uliomulikwa na simu. Hakuna aliyejikuna wala kupiga mwayo.

"Huat," Siew Lan alinong'ona, "mbona wamefanana na hawa watumishi wetu wa nyuma?"

"Acha hizo."

Lakini naye alikuwa ameona. Akageuza macho pembeni. Chini ya uzio, kwenye majani, kulikuwa na machungwa, vijiti vya ubani na kiunzi cha mwanzi kilichoungua nusu. Alikitambua kiunzi hicho. Alikifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki moja kabla, bibi mmoja alikuwa amekuja kuagiza gari jeupe la mizigo, la kumchomea mwanawe.

"Niweke redio ndani, mama?" Boon Huat alimuuliza. "Wengi wanapenda redio."

"Weka saa."

"Saa tu?"

"Alikuwa anasubiri," bibi alisema. "Alikuwa anatazama saa."

Na sasa ile saa ya karatasi ilikuwa inaning'inia pale kwenye kiunzi. Moto haukuwa umeigusa.

Boon Huat alifungua kinywa amwambie mkewe. Honi ikalia nyuma yao. Lori liliteleza kwenye maji, likapita karibu mno, likang'oa kioo cha pembeni. Siew Lan alipiga kelele. Mtumishi wa karatasi alipondeka mikononi mwake.

Katika magari ya mbele hakuna aliyegeuka. Nyuso zilibaki zimeinama. Kisha taa zote zikawaka kwa pamoja, magari yakaondoka.

Jioni jirani yao, Rohani, aliwaletea keki za nazi. Rohani alifanya kazi kwenye chumba cha kamera za barabarani.

"Gari lenu nalijua," alisema. "Kila siku nalitazama, roho juu."

"Nabana matumizi tu, dada. Ni kosa?"

"Kubana si kosa. Kusimama pale ndilo kosa. Pale ni pa gari lililoharibika, na pa kupitia gari la wagonjwa. Anayekuja nyuma hategemei kukuta umejibanza."

"Basi waishushe tozo!"

"Wakiishusha, nyote mtaingia kwa wakati mmoja, barabara ijae, mzigo wako ulale njiani. Tozo inakuuliza tu: lazima uingie sasa hivi? Kama ni lazima, lipa upite. Kama si lazima, subiri nyumbani. Tozo ya kila lango na saa zake zimetangazwa. Ziangalie kabla hujawasha gari. Na mzigo mdogo panda nao treni."

"Hata nyumbani kuna kahawa," Siew Lan alisema. "Na viti havigongwi na lori."

Boon Huat aliiweka keki yake chini. "Dada, yule aliyechomewa gari pale kwenye uzio. Unamjua?"

Rohani aliacha kutafuna.

"Kwa kamera tu," alisema. "Siku alipogongwa nilikuwa zamuni."

Kesho yake Boon Huat alimpigia simu mwenye duka. "Nikiondoka nyumbani msongamano ukiisha, mzigo ukachelewa kidogo, itakuwaje?"

"Nitakushukuru! Kila siku unanikuta nasinzia."

Tangu hapo walikunywa kahawa nyumbani, wakala na mkate uliopakwa kaya, jamu ya nazi na mayai. Walipita langoni bila kusimama. Kidude kililia mara moja, tozo ndogo ikakatwa, na mzigo ukafika mapema vya kutosha. Boon Huat aliwaambia na madereva wenzake. Wengine walimcheka. Wengine waliacha kusimama pale.

Kabla mwezi haujaisha, yule bibi alirudi.

"Nataka gari jingine. Jeupe, kama lile."

"Lile halikumfaa, mama?"

"Nilimwota mwanangu. Anasema gari jeupe lililokuwa likisimama nyuma yake siku hizi halisimami. Amebaki peke yake."

Boon Huat aliweka brashi ya gundi chini. Hakuwahi kumwambia bibi huyu anaendesha gari gani.

"Anataka nini?" Siew Lan aliuliza taratibu.

"Anataka kwenda," bibi alisema. "Safari hii usiweke saa."