Uniachie Nzito

Siku ya kwanza Kavata alidhani ni mama mkwe wake. Alitoka jikoni saa saba mchana akakuta meza za kukaushia kahawa zimefunikwa magunia, na kila gunia limewekewa mawe pembeni lisipeperuke. Yeye alikuwa amesahau kabisa. Jua la mchana likiipiga kahawa mbichi, ganda hupasuka, na mumewe Ndolo angenuna wiki nzima.

"Mama, asante kwa magunia," alimwambia mama mkwe jioni.

Mama mkwe, mzee Ndila, alimtazama. "Magunia gani? Mimi nimeshinda kwa kina Muthoki nikipura mbaazi."

Ndolo akacheka. "Basi ni malaika. Mwambieni arudi kesho, kazi iko."

Akarudi. Kesho yake kahawa ilikuwa imegeuzwa vizuri, mistari imenyooka kama iliyochorwa kwa rula. Siku iliyofuata makapi yalikuwa yamefagiliwa hadi shimoni. Hakuna aliyeona mtu. Palikuwa na harufu tu, ya maganda ya kahawa yaliyolala majini, tamu kidogo na chachu kidogo, na hiyo ni harufu ya kawaida katika boma la kahawa.

Shamba lao lilikuwa juu kabisa milimani Mbooni, mahali ambapo ukungu hauondoki kabla ya saa nne. Baridi ile huivisha kahawa polepole, na kahawa inayoiva polepole huwa nzito. Mwaka huo wa 1977 wanunuzi waliitafuta sana, na Ndolo hakuwa na neno lingine kinywani ila uzito. Kila tunda lililovunwa lilimwagwa kwanza kwenye tangi la maji. Kahawa zilizozama ndizo zilizomenywa. Zilizoelea zilichotwa kwa ungo na kutupwa.

Kavata alikuwa nyuma kwa kazi kwa sababu ya Kasyoka, mtoto wake wa pili baada ya Mbinya, wa miezi mitano, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Kila mwezi alimpeleka kliniki, na kila mwezi nesi alitikisa kichwa mbele ya mizani. "Bado nyepesi, mama Mbinya. Huyu mtoto ni nyepesi sana." Kule juu watu husema hivyo kwa kila kitu, mtoto nyepesi, kahawa nyepesi.

Kwa hiyo msaada ule aliupokea. Hakuweza kukubali mtu amfanyie kazi kisha aende na njaa. Akaanza kuacha kikombe cha uji ukingoni mwa tangi kabla ya saa sita. Akirudi anakikuta kimeoshwa, kimefunikwa kifudifudi. Alifurahi. Tangu aolewe, hakuna aliyewahi kumwoshea kikombe.

Siku ya Alhamisi Ndolo alikuwa ameenda Malili kutafuta magunia mapya. Kahawa ya asubuhi ilikuwa tangini tayari, haijachambuliwa, na Kasyoka alikuwa na homa, analia bila kunyamaza. Kavata alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akatazama uwanja mtupu.

"Leo siwezi," alisema kwa sauti ndogo. "Nisaidie. Toa nyepesi zote, uniachie nzito."

Akaingia ndani, akamlaza mtoto kitandani, akajilaza karibu naye. Kupitia dirishani alisikia maji yakikorogwa tangini, polepole, kwa subira, kama mtu anayeijua kazi yake, akashukuru moyoni, na bado akishukuru, usingizi ukamchukua, hata asisikie ile sauti ya maji ilipokoma, wala nyayo zilizolowa zikipita sakafuni kutoka mlangoni hadi kitandani na kurudi, nyayo ambazo aliziona baadaye zikikauka kwenye saruji, ndefu, nyembamba, kila moja na vidole vinne.

Alipoamka shuka lilikuwa limelowa. Kasyoka alikuwa macho, kimya, nywele zinadondoka maji, na ngozi yake ilinukia maganda ya kahawa. Kavata alimnyanyua, na mkono wake ukashuka. Mtoto alikuwa mzito kama debe lililojaa.

Alikimbia nje. Kando ya tangi ungo ulikuwa umejaa kahawa zilizoelea, na juu yake ulikuwa umewekwa kwa uangalifu uzi wa shanga ambao mzee Ndila alikuwa amemfunga Kasyoka kiunoni alipozaliwa.

Ndolo alileta watu wa kanisa, wakaomba hadi sauti zikakauka. Mtoto aliwatazama tu. Ndipo mzee Ndila akateremka Matiliku kimyakimya, akarudi na mganga aitwaye Mwangangi, mtu mpole mwenye kikohozi. Alinusa kichwa cha mtoto, akamrudisha kitandani haraka.

"Jini aliyefanya hivi, ulimpa nini?"

"Uji."

"Na ulimwambia nini? Nipe maneno yenyewe."

Kavata akamwambia. Mwangangi alianza kufunga mkoba wake.

"Angekuwa mwizi ningemfukuza," alisema. "Huyu ni mfanyakazi. Umempa chakula, umemtuma, amefanya."

"Nilisema kahawa, baba."

"Hukusema kahawa. Ulisema nyepesi." Akakohoa. "Zile zinazoelea, mnazipeleka wapi?"

"Shimoni. Tunazitupa."

Mwangangi akatupa mkoba begani akatoka.

Kavata alilichimba shimo lile kwa mikono hadi kucha zikang'oka. Alipata makapi. Akaenda tangini akainama juu ya maji, akanong'ona, "Nirudishie nyepesi wangu, nirudishie hata hivyo alivyo," hadi jua likazama na mzee Ndila akaja kumshika mkono.

Siku ya kliniki ilipofika, nesi aliitazama mizani mara mbili, kisha akamkumbatia. "Umefanya kazi nzuri, mama Mbinya. Unaona sasa?" Kavata alisema asante. Nyumbani alimnyonyesha mtoto yule, kwa sababu alikuwa na njaa na hakuna mwingine wa kumnyonyesha.

Masika yalipoanza, malaria ilimshika Mbinya, binti yake wa miaka sita. Akapona, lakini akabaki mifupa. Kavata alimlisha mayai na maziwa, na uji hakuuweka tena nje. Kisha akakaa karibu na taa akashona kokoto ndani ya upindo wa gauni la Mbinya, kuzunguka lote.

"Mama, mbona nguo inanigonga miguu?"

"Ni ya kuzuia upepo. Usiivue."

Siku ya nne, saa saba mchana, Kavata alikuwa ndani akimlaza yule mzito, na Mbinya alikuwa mlangoni akicheza na maganda ya mahindi. Kavata aliinama kidogo tu kuvuta shuka. Alipoinuka, mlango ulikuwa mtupu.

Juu ya meza ya kahawa kokoto zilikuwa zimepangwa mstari, kubwa hadi ndogo, zote zimeoshwa. Kando yake palikuwa na uzi wa ule upindo, umekunjwa vizuri usipotee. Ukingoni mwa tangi kikombe ambacho hakukiweka yeye kilikuwa kimefunikwa kifudifudi, na ndani ya tangi maji yalikuwa yakikorogwa polepole.

"Mbinya," aliita.

Nyuma yake, kitandani, yule mzito ambaye hakuwa ametoa sauti tangu siku ile, akacheka.