Hodi ya Fabien

Ushahidi wa jambo hili ni wa mtu mmoja, rafiki yetu Nsimire, mchuuzi wa Bukavu asiye na desturi ya kutia chumvi. Adhuhuri moja alivuka mpaka wa Rusizi II, akaingia Rwanda kufuata kitabu cha katuni alichokichora na kukiacha marehemu mdogo wake, Fabien, katika chumba alichopanga huko. Mhalifu wa katuni hiyo alikuwa mwalimu mpole, anayegeuka zimwi kila anapofungiwa mlango. Nsimire alitaka kujua mwisho wake, kwa maana Fabien alipomjia akikohoa, yeye mwenyewe hakumfungulia, akihofia watoto wake wataambukizwa.

"Maman, tangu bamuzike, hii mulango sijafungula," alisema mwenye nyumba, Mzee Rutayisire. "Hata panya balikimbia ile nyama, ile zimwi alikuwa anachora!"

Alipomfungulia chumba, dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao na ndani mna giza. Nsimire alimulika ukurasa wa mwisho wa kitabu kwa simu: zimwi limesimama nje ya mlango uliofungwa, likibisha. Simu ikazimika. Gizani akasikia karatasi ikikwaruzwa, kisha kikohozi, kisha sauti ya chini, ikimwita dada kama Fabien alivyozoea:

"Hodi, yaya."

"Karibu, mudogo yangu," akaitikia kwa mazoea, kabla hajakumbuka kaburi.

Mzee alipoleta taa, alimkuta akilia juu ya ukurasa ule. Mlango uliochorwa ulikuwa wazi, na nje yake hapakuwa na mtu.