Lenzi ya Jicho la Kushoto

Kila asubuhi Rebeka aliwahi shuleni kuliko wenzake, si kwa kupenda kufagia darasa, bali ili apate kuketi dawati la mbele kabisa. Akikaa nyuma, maandishi ya ubaoni yaligeuka kuwa mistari ya moshi. Alikuwa darasa la sita katika shule moja ya Kisesa, na kwa muda mrefu aliificha shida hiyo kwa kunakili kutoka kwa jirani yake, Kashindye. Mwalimu Antoni ndiye aliyegundua. Siku moja alimsimamisha mlangoni, akamtaka asome sentensi iliyokuwa ubaoni. Rebeka alifinya macho, akakunja uso, asiweze kusoma hata neno moja. Jioni ileile mwalimu alikwenda kwa shangazi yake, Getruda, aliyekuwa akimlea, akamweleza kwamba mtoto asipopata miwani mapema, masomo ya darasa la saba yatamshinda.

Shangazi Getruda alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Aliununua kwa wakulima wa Magu, akauuza Mwanza mjini. Alikuwa mwanamke mkarimu, ila alimshuku kila aliyesimama nyuma ya meza ya duka. Zamani hakuwa hivyo. Tangu biashara ilipoachiwa huru, maduka ya mjini yalijaa vitu vya kila namna kutoka nchi za mbali, naye alikuwa amelizwa mara kadhaa. Kulikuwa na redio iliyokufa kabla ya Krismasi, vitenge vilivyochuja hadi maji ya beseni yakawa mekundu, na betri zilizovujia ndani ya tochi.

"Siku hizi hata chumvi ionje kwanza," alizoea kumwambia Rebeka.

Daktari wa macho mjini alimpima Rebeka, akaandika vipimo vya kila jicho kwenye cheti, kisha akawaelekeza wakatafute fundi wa miwani. Walimpata Odeta, mama wa makamo aliyevaa aproni ya buluu, mwenye duka dogo katika barabara inayoteremka kuelekea ziwani. Odeta hakuwa na haraka. Alikisoma cheti, halafu akaanza kumwuliza Rebeka mambo mengi: anapenda mchezo gani, huwa anajikwaa njiani, anasoma kwa taa ya namna gani. Rebeka alijibu kwamba anacheza netiboli, na kwamba mpira ulishawahi kumpiga puani. Shangazi alisikiliza huku amebetua midomo. Netiboli ilimhusu nini muuza miwani?

Odeta alimwekea shangazi lenzi mbili kiganjani. Moja ilikuwa ya kioo, nzito na ya baridi. Nyingine ilikuwa ya plastiki, nyepesi kama ganda la karanga. Akasema kwamba kwa mtoto huyu angeshauri ya plastiki. Shangazi aliigonga kwa ukucha, akaitazama mwangani, akaomba ya kioo. Odeta akatikisa kichwa, akasema kwa upole kwamba hawezi kuweka kioo mbele ya macho ya mtoto anayecheza mpira. Shangazi akakubali shingo upande. Fundi alipogeuka, shangazi aliinama sikioni kwa Rebeka.

"Mkodolee macho huyu," alinong'ona. "Mikono yake usiiache." Kisha akatoka kwenda duka la jirani kuulizia magunia.

Rebeka alibaki kwenye benchi pamoja na mzee mmoja mwenye mkongojo na muuguzi aliyekuwa akichagua fremu. Nyuma ya pazia lililofunguliwa nusu, mashine ya kusagia lenzi ilikoroma, ikanyamaza. Kwa macho yake ya ukungu, Rebeka alimwona Odeta akiiweka lenzi moja kwenye kijimashine, akichungulia, akitikisa kichwa. Mkono wa fundi ukashuka chini, na ulipopanda haukuwa na kitu. Kisha akavuta droo, akatoa lenzi nyingine.

Rebeka alisogea ukingoni mwa benchi. Bila shaka ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa halisi. Kila alipoliwaza jambo hilo lilizidi kupata sura, na shangazi aliporudi, ule mkono ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni.

"Shangazi, amebadilisha lenzi," alisema. "Ile nzuri ameitia mfukoni mwa aproni. Nimemwona."

Shangazi hakuuliza mara ya pili. Alisimama katikati ya duka, akatangaza kwa sauti iliyofika barabarani kwamba hapa watoto wanaibiwa. Mzee akaokota mkongojo wake, akatoka. Muuguzi akarudisha fremu mezani, akamfuata. Wapita njia wakaanza kujaa mlangoni.

Odeta alitoka nyuma ya pazia akiwa na miwani isiyokamilika mkononi. Hakupandisha sauti. Alimtazama Rebeka.

"Umeniona nikiitia mfukoni, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Odeta akainua mikono, akazunguka taratibu. Aproni yake ilikuwa kipande cha kitambaa chenye kamba shingoni na kiunoni. Haikuwa na mfuko hata mmoja.

Rebeka alihisi masikio yakiwaka moto. Lakini shangazi hakurudi nyuma. Alitaka kujua kama lenzi ilibadilishwa au haikubadilishwa.

"Nimeibadilisha," alijibu Odeta. "Njooni mwone kwa nini."

Chini ya meza ya kazi palikuwa na kopo, na ndani yake lenzi yenyewe. Odeta alieleza kwamba lenzi huja katika bahasha zilizoandikwa vipimo, lakini yeye haamini bahasha, hupima kila moja. Bahasha hii ilikuwa na kipimo cha jicho la kushoto la Rebeka, ila lenzi iliyokuwamo haikuwa ya kipimo hicho. Akamziba Rebeka jicho la kulia, akamshikia ile lenzi mbele ya la kushoto, akamwambia asome kibao cha duka la ng'ambo. Herufi zilicheza, kichwa kikamzunguka. Akamwekea ile iliyotoka kwenye droo. Rebeka akasoma kibao chote, hata maneno madogo ya chini yaliyosema kwamba Jumapili hawafungui.

Sasa shangazi aliuliza juu ya plastiki, kwa sauti ya chini zaidi. Odeta alimpa lenzi ya kioo iliyomeguka ukingo, akamwambia aiangushe sakafuni. Ikapasuka vipandevipande. Ya plastiki ilidunda, ikabingirikia chini ya meza. Odeta aliokota vipande kwa kitambaa kibichi kabla ya kusema neno.

"Mpira ungempiga usoni, hivi vingemwingia jichoni. Plastiki nayo ina ubaya wake, inakwaruzika upesi. Aioshe kwa maji, aifute kwa kitambaa laini, si kwa sketi."

Rebeka hakuweza kumtazama. "Nisamehe, mama. Sikuona mfuko. Niliona mkono ukishuka, mengine nikayajaza mwenyewe."

"Nimekusamehe," alisema Odeta. "Lakini wale wateja wameondoka na hayo uliyoyajaza."

Shangazi akatoka barazani. Kwa sauti ileile kubwa aliwaambia watu kwamba alimwita mama huyu mwizi, na haikuwa kweli. Akamfuata yule mzee aliyekuwa amepumzika kwa fundi viatu, akamwomba radhi, akamrudisha akimshika mkono. Muuguzi hakuonekana tena.

Alasiri Rebeka alitoka dukani na miwani usoni. Barabara iliteremka hadi ziwani, na juu ya mawe yaliyojitokeza majini aliona ndege weusi, kila mmoja peke yake, wamekunjua mabawa kuyakausha. Alisimama muda mrefu. Shangazi alimngoja, kisha akamwekea mkono begani.

"Kushuku nimekufundisha mimi, na sijutii, maana wadanganyifu wapo," alisema. "Lakini nilikufundisha nusu. Ukimshuku mtu, muulize yeye kwanza, kabla hujamwambia mwingine. Na ukiulizwa umeona nini, sema ulichokiona. Palipokuwa na ukungu, sema uliona ukungu."