Sahihisho la Siku ya Mungu

Munguakonkwa hakuwa na gari wala pikipiki. Hakuwa na suti ila moja, na tai yake ilikuwa imefungwa fundo tangu mwaka aliopata kazi, kwa sababu hakujua kulifunga upya. Hakuwa na mke, na umri ulikuwa unamkimbia. Zaidi ya yote, hakuwa na baba, wala baba mdogo, wala mjomba wa kusimama mbele ya watu na kusema: huyu ni mtoto wetu.

Alichokuwa nacho ni gazeti. Alikuwa mhariri mkuu wa Taa ya Kivu, gazeti la kila juma, na tovuti yake. Yeye ndiye aliyeamua habari ipi itoke, ipi ingoje na ipi itupwe. Na kosa likitokea, hata la mwandishi aliyeingia kazini jana, yeye ndiye aliyelijibia.

Asubuhi moja alikuwa katika soko la Virunga, katikati ya kelele za wauza samaki na harufu ya marakuja mabivu, akingoja karanga zake. Kando yake alisimama mwanamke mrefu aliyevaa libaya, blauzi ya kitenge, na kikwembe cha kiunoni cha rangi ya chungwa, kilichoshonwa vizuri hata wauzaji wengine waligeuka kumtazama. Sindano mbili zilikuwa zimechomwa kolani.

"Mama, miye usinifungie karanga mu ile gazeti," alimwambia muuzaji. "Ile gazeti iliniua."

"Ilikuua namna gani?" Munguakonkwa aliuliza.

"Soma, papa. Ukurasa wa kwanza kabisa, na picha ya mulango yangu. Banasema fundi Katungu wa Majengo amekimbilia Kampala, atelier ya kushona imefungwa. Miye njo Katungu. Nilienda Butembo kuona mutoto ya dada yangu, nikarudi. Sasa baclients bote banashonesha kwingine, banasema, huyu alikimbia na vitambaa vyetu."

Munguakonkwa alipokea karanga zake, akazisikia nzito mkononi.

"Kosa iko yangu," alisema.

"Weye njo uliandika?"

"Hapana. Niko mhariri mkuu. Sikuandika, lakini niliipitisha."

Katungu alimpima kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mhariri mkuu mwenyewe, na soksi ya rangi mbili?"

Muuzaji wa karanga alicheka hadi akaketi. Munguakonkwa naye alicheka, kisha akasema kwa upole: "Mama Katungu, nunua gazeti ya juma hii. Sahihisho itakaa ukurasa wa kwanza, na picha yako, maandishi ukubwa ule ule. Kosa tunalisahihisha pale lilipokaa, mbele ya wale walioliona. Ukilificha ukurasa wa mwisho, umekosea mara mbili."

Alifanya kama alivyosema. Wateja walirudi, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Mwisho wa mwezi Katungu alifika ofisini na shati la kikwembe, lenye mfuko mpana wa kuwekea kalamu.

"Nilikupima na macho kule soko," alisema. "Vaa, nione kama macho yangu inasema kweli."

Lilimkaa kama ngozi. Tangu siku hiyo simu ya mhariri mkuu haikutulia.

"Shefu wangu, umekula?"

"Bado, Katu. Niko nasoma habari ya kambi ya Kanyaruchinya."

"Kwanza soma sahani. Habari haikimbii."

"Hiyo njo kazi yake, mupenzi, kukimbia."

"Basi kimbia nayo mpaka Majengo. Nimepika sombe na samaki, na miye mwenyewe niko hapa."

Alikuwa akienda, akipita juu ya mawe meusi ya volkano na shati lake la maua, na watu wa njiani walijua anakokwenda kabla hajafika.

Baba yake Katungu, papa Dieudonné, aliishi mtaa wa Mapendo. Alikuwa karani wa forodha aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Alipoona mambo yamekomaa alipanga Siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa, kijana aje na watu wake kujitambulisha. Mbuzi alichinjwa. Wajomba walikuja toka Butembo.

Munguakonkwa alikuwa amemwomba binamu yake wa Bukavu avuke ziwa aje kumsemea, maana kwa desturi kijana hajisemei. Boti la asubuhi lilishusha abiria wote, binamu hakuwemo. Alimpigia, simu ilikuwa imezimwa. Alibaki bandarini na suti yake na tai yake, akiwaza jinsi atakavyosimama peke yake mlangoni pa wakwe kama mtu aliyekuja kuomba maji.

Alirudi ofisini, palipokuwa patupu, akampigia mzee.

"Papa, munisamehe. Habari kubwa imetokea. Gazeti haiwezi kutoka bila miye."

"Kazi ni kazi, mwanangu," papa Dieudonné alijibu. "Tutapanga siku ingine."

Gazeti lilipotoka, Katungu aliingia ofisini nalo mkononi. Hakuketi.

"Nimesoma yote, shefu. Mpaka matangazo ya matanga. Ile habari kubwa ya Siku ya Mungu iko wapi?"

"Kosa iko yangu, Katu."

"Unasemaka vile kwa kila mutu. Mwandishi wako Prodige akikosea, kosa iko yako. Machine ikikwama, kosa iko yako. Leo kosa iko yako kweli, na sauti ni ile ile. Nitajua namna gani?"

Munguakonkwa alivua miwani, akaiweka mezani.

"Sikuwa na mutu," alisema.

"Mutu gani?"

"Wa kunisemea. Binamu hakuvuka. Nilikuwa nimevaa tayari. Nikaona haya, nikakaa hapa, pa kiti hiki, mpaka ukaingia usiku."

Hapo Katungu aliketi. Alinyoosha mkono, akamrekebishia kola taratibu, kama anavyorekebisha nguo ya mteja.

"Ungeniambia ile saa, ningekutafutia hata muzee wa korali ya kanisa. Miye nimekusamehe tangu hapa. Lakini si miye ulidanganya. Papa alisimama mbele ya bajomba akasema, mwanaume huyu anaheshimu kazi. Alikutetea na uongo wako."

"Akijua ukweli, atanikataa?"

"Anaweza. Miaka yote alikuwa anapokea uongo pale barrière ya mupaka. Hapendi uingie nyumbani. Na akikataa, miye sitapita juu ya neno ya papa yangu." Alisimama, akajifunga kikwembe vizuri. "Sahihisha pale kosa ilikaa, shefu. Wewe njo ulinifundisha."

Mchana huo mhariri mkuu aliandika, akachana, akaandika tena. Kisha alimpa karatasi Clarisse, naibu wake, kwa sababu katika ofisi ile hakuna kitu kilichotoka bila kusomwa na mtu wa pili, hata cha mkuu mwenyewe. Clarisse alikata "kwa bahati mbaya" mara tatu.

"Bahati haikuandika kitu, shefu," alisema. "Uliandika wewe."

Kilichobaki kilikuwa hiki:

"Papa Dieudonné, Siku ya Mungu nilikuambia kwamba habari kubwa ilinizuia. Si kweli. Hakukuwa na habari. Sikuwa na mzee wa kunisemea, nikaona haya kuja peke yangu, na nikakudanganya. Naomba barua hii isomwe mbele ya wajomba walewale. Nampenda Katungu na nataka kumuoa. Ukinikubali nije, sina bado wa kunisemea. Naomba unionyeshe mzee yeyote wa Mapendo unayemwamini, nikamwombe asimame upande wangu. Munguakonkwa."

Simu ililia.

"Umeandika?" aliuliza Katungu.

"Nimeandika."

"Ukubwa ule ule?"

"Ukubwa ule ule, mupenzi."

Alimsikia akipumua, na nyuma yake mashine ya kushona ikianza tena, polepole.

"Basi tuma. Tutangoja pamoja, weye kule, miye huku."

Alikunja karatasi, akaitia katika bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Juu yake aliandika jina la mzee kwa herufi kubwa. Barabarani alimsimamisha mtu wa pikipiki, akamlipa kwenda na kurudi.

"Mapendo, nyuma ya parokia. Mupe muzee mwenyewe mukononi."

"Na jibu, papa, ningoje?"

"Ngoja," alisema Munguakonkwa. "Hata akikawia, ngoja."

Pikipiki iliruka jiwe la kwanza, ikashika njia.