Nani Amechuma Kahawa ya Ndeshi?

Ndeshi ana miaka sita. Anakaa na Mama na Bibi kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Shamba lao ni la migomba na kahawa.

Wageni huja kulala shambani kwao. Wanakunywa maziwa. Wanamkatia ng'ombe majani. Wanachuma kahawa na kucheka.

Ndeshi ana mti wake mwenyewe wa kahawa. Bibi aliupanda siku Ndeshi alipozaliwa. Mbuzi akaula. Ukachipua tena.

Mwaka huu umezaa kwa mara ya kwanza!

Nyumbani kwao, kahawa ya kwanza ya mti wa mtoto hunywewa na Bibi. Bibi anazikumbuka zote.

"Ya mama yako niliinywa siku ya mvua kubwa," Bibi husema. "Ya mjomba wako iliungua. Nikainywa hivyohivyo."

Kila asubuhi Ndeshi huyatazama matunda yake. Bado ni ya kijani. Anasubiri yawe mekundu.

Asubuhi moja akakuta matawi hayana kitu.

Hayana kitu kabisa!

Kando ya mti amesimama mgeni mwenye ndevu nyeupe. Ni Bwana Chilongani kutoka Dodoma. Kikapu chake kimejaa matunda ya kijani.

Di! Di! Di! Ndeshi akapiga miguu chini.
"Nina hasira! Nina hasira mpaka masikioni!"

"Shh!" Mama akasema. "Huyo ni mgeni. Nyamaza."
"Sinyamazi! Mti ni wangu!"

Bibi akatoka jikoni.
"Mwache aseme. Ila amwamkie kwanza."

Ndeshi akamgeukia mgeni. Akainamisha kichwa.
"Shikamoo, babu."
"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nina hasira na wewe. Umechuma kahawa yangu. Haijaiva. Sasa haitaiva tena. Na hukuuliza!"

Bwana Chilongani akatazama kikapu chake.
"Kumbe! Mimi nalima zabibu. Zabibu zangu zikiiva hubaki za kijani. Nikadhani na hizi zimeiva."

"Hizi si zabibu!"
"Kweli, si zabibu. Nimekosa, mjukuu wangu. Ilinipasa niulize kwanza."

Hasira ya Ndeshi haikuisha. Ilishuka kidogo tu. Ikafika shingoni.

Wote wanne wakatafuta kama kuna matunda yaliyobaki. Wakafunua jani moja moja.
"Hili hapa!"
"Na hili!"
Yalibaki matunda saba. Saba tu!

Kesho yake wageni wengine wakaja na vikapu. Bwana Chilongani akasimama mbele ya mti, mikono kiunoni.
"Hapana! Mti huu una mwenyewe! Muulizeni Ndeshi!"

Akasimama hivyo hadi saa ya chakula. Hasira ya Ndeshi ikashuka. Ikafika magotini.

Bwana Chilongani akarudi kwao Dodoma. Matunda saba yakawa ya njano. Kisha yakawa mekundu, mekundu kabisa.

Tup! Tup! Tup! Ndeshi akachuma yote saba.

Wakayamenya. Wakazianika buni, zile mbegu za ndani, juani siku nyingi. Mama akazikaanga. Cha-cha-cha! Ndeshi akazitwanga. Du! Du! Du!

Kahawa ikapatikana. Ilikuwa funda moja tu. Bibi akafumba macho, akanywa.

"Ni tamu, Bibi?"
"Ni chungu. Chungu kama inavyotakiwa."

Jioni ile Ndeshi akapanda kitandani kwa Bibi.
"Bibi, utaikumbuka?"

"Nitaikumbuka. Kahawa ya Ndeshi ilikuwa funda moja. Matunda mengine yalichumwa mabichi."
"Mtaje aliyechuma pia."
"Yalichumwa na Bwana Chilongani."
"Ambaye hakuuliza!"
"Ambaye hakuuliza," Bibi akasema. "Halafu akaulinda mti."

Ndeshi akafikiri. Akafikiri sana.

"Haya," akasema. "Na hilo ulikumbuke."

Akavuta blanketi, akalala.