Samaki Kumi na Tisa wa Marehemu Mama

Nilimkuta mke wa baba kainamia tangi la marehemu mama yangu, wavu mkononi, anaopoa maiti.

Kumi na tisa... wote! Wale samaki wadogo wa tetra, wenye mstari wa buluu na mkia mwekundu, walikuwa wanaelea wamepauka.

"Umewafanya nini?"

Loretta hakugeuka. "Sijui, Karin. Nimewakuta hivi."

Akachota maji ya tangi kwenye chupa ya jamu, akavaa koti, akatoka. Nikajua anaficha ushahidi.

Ndugu zangu, niwarudishe nyuma kidogo. Hapa Duluth, kaskazini mwa Marekani, baridi ni miezi sita, na mama alipougua kansa, lile tangi ndilo lilikuwa kiangazi chake. Tetra hawagombani. Mama alikuwa akisema mle ndani kuna amani kuliko kwaya ya kanisani kwetu.

Kabla hajafa alinishika mkono. "Nitunzie hawa." Nikaapa.

Mwaka haujaisha, baba akaoa. Loretta alikuwa mtu wa maktaba, mpole, supu yake jirani anaisikia kwa harufu. Sikumpenda. Na aliposogeza kiti chake karibu na tangi ili awatazame samaki, nilimchukia kabisa.

Kwa hiyo sikuhitaji kuuliza nani muuaji. Siku tatu tu kabla, kwenye kumbukumbu ya mama, nilikuwa nimelisafisha tangi kwa mikono yangu, hadi sponji ya chujio la maji ikang'aa kama mpya. Samaki niliwaacha wazima. Sasa wafe wenyewe tu?

Jioni Loretta amerudi, baba yupo, nikalitoa la moyoni.

"Baba, chagua. Mimi au yeye."

Baba alifungua mdomo. Loretta akamgusa bega, akatikisa kichwa, akaenda kupanga nguo zake. Mlangoni alinitazama macho yamejaa machozi, na mimi nikasema moyoni, hatia hiyo.

Miaka sita ikapita.

Mwezi uliopita niliona nyumba ya baba imekuwa kimya mno, nikaenda kumnunulia tetra wapya. Mzee Duane wa duka la samaki akaniuliza wale wa kwanza walikufaje. Nikamsimulia yote kwa uchungu, na usafi wangu nikautaja kwa fahari.

"Sponji uliiosha na nini?"

"Maji ya moto ya bomba, na sabuni kidogo."

Akanieleza taratibu kwamba kwenye ule uchafu wa sponji ndimo wanamoishi vijidudu wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki. Sponji husuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe. Ukiwaua wale vijidudu, siku mbili tatu maji yanageuka sumu.

"Yule mama wa maktaba hakukwambia? Aliniletea maji kwenye chupa ya jamu, nikayapima. Nilimweleza haya haya."

Sijui niliendeshaje gari hadi kwa baba.

"Baba, ulijua?"

"Alinieleza nikimpeleka stendi. Akaniapisha. Alisema umeshamzika mama yako, na hili usilibebe."

Nikamwomba namba yake nimpigie, nimlilie. Baba akageukia dirishani.

"Alifariki Februari ya mwaka juzi, mwanangu."

Nikakumbuka... Jumamosi moja ya Februari ile baba alivaa suti chini ya koti zito, akasema anaenda kuvua samaki kwenye barafu ya ziwa. Alirudi mikono mitupu. Nikamtania mezani kwamba hata samaki wamemchoka, naye akacheka nami. Kumbe alikuwa ametoka kuzika.

Wewe unayesoma hapa, yupo mtu umemfungia mlango ukiwa na uhakika wako wote. Mtu akikubali kuitwa mbaya ili wewe ulale usingizi, hatakuandikia barua kukujulisha. Kamuulize angali hai.

Tetra wapya wako kumi na tisa. Kiti cha Loretta nilikitoa stoo nikakirudisha palepale, karibu na tangi. Baba hakikalii. Anavuta kingine, anakaa pembeni yake.